Mashuka ya Jumamosi

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakulisema neno hilo ili watuchekeshe. Walikuwa wamemwona mtu akiangamia kwa aibu huku dawa iko mlango wa pili. Mwenye shida akiifunika ili asionekane ana shida, yule anayetaka kumsaidia atafika mpaka mlangoni, atatazama ndani, atasema "mko vizuri", kisha ataenda zake kwa mwingine. Asiyeamini na asikie yaliyomkuta Mama Modesta, mlezi mkuu wa kituo cha watoto cha Nyota ya Ziwa, kule mlimani Kitangiri, Mwanza, ambako nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku waliolala juu ya dari.

Mama Modesta alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa kwenye mifupa, uliohamia mwilini mwake ukajitandikia mkeka. Wala hakuchoshwa na watoto. Watoto aliwazoea, kelele zao na vidonda vyao vya magoti. Waliomchosha, jamani, ni wageni wenye mioyo mizuri.

Walikuja kila Jumamosi. Vikundi vya akina mama, wanakwaya, watu wa maofisini, wanachuo waliochangishana, wote wamevaa fulana za rangi moja. Waliacha magari chini barabarani wakapanda mlima kwa miguu wakihema, mikononi wamebeba sabuni, sukari, biskuti, na keki yenye jina la mtu ambaye watoto hawamjui. Watoto walipangwa mstari wakaimba wimbo ule ule. Mgeni mmoja akambeba mtoto mdogo kuliko wote, mtoto akalia, picha zikapigwa, akanyamaza, zikapigwa tena. Kisha wageni wakashuka, na kituo kikabaki na sabuni ya kuifua Mwanza nzima.

"Mama, hii ni keki ya tatu mwezi huu," alisema Dorotea, mpishi wa kituo, akiwa ameegemea mlango wa jiko. "Sisi tukiugua, tutaugua magonjwa ya matajiri."

"Nyamaza, watakusikia."

"Wanisikie saa ngapi? Wako kwenye picha."

Sasa, kabla wageni hawajafika palikuwa na kazi moja ambayo Mama Modesta hakumwachia mtu. Alifunga kamba kutoka pembe ya bweni mpaka kwenye jiwe kubwa la nyuma, akatundika mashuka yote ya kituo, yawe yamefuliwa au hayakufuliwa. Wageni waliyasifia kweli kweli. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya mashuka kuna choo.

Na choo chenyewe kilikuwa msiba. Kitangiri ukichimba unakutana na mwamba kabla jasho halijakutoka. Shimo lilikuwa fupi tangu mwanzo, na masika ya mwaka huo yalilijaza mpaka likatapika, ukuta ukapasuka, mlango ukabaki umening'inia kama jino la mtoto. Gari la majitaka halipandi kule. Basi watoto wakawa wanateremka kwa jirani wa chini, Mzee Shigela, kila mmoja na kopo lake la maji. Mzee Shigela hakuwahi kuwafungia mlango, ila siku hizi akiwaona wanateremka alikohoa kwa nguvu, nao wakajua amechoka.

Kwa nini Mama Modesta hakusema? Alilelewa Misungwi na mama aliyemfundisha kwamba mgeni akikuletea kuku, humwambii huna chumvi. Halafu hiki ni choo. Mtu amepanda mlima na keki yenye maua ya waridi, wewe utaanzaje kumtajia choo? Kwa hiyo kila aliyeuliza alijibiwa lile lile: "Tunamshukuru Mungu, hatujapungukiwa."

Siku moja akaja asiyedanganyika kwa mashuka. Alikuwa Hellen, afisa ustawi wa jamii, binti mdogo wa umri lakini macho yake makali. Alifika siku ambayo hakutarajiwa, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya bweni, akasimama pale mkono uko puani.

"Shikamoo, mama," alisema aliporudi, maana salamu alikuwa ameiruka.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini hapa kipindupindu kikiingia hakitabisha hodi. Mwisho wa mwezi nikikuta hivi hivi, nawahamisha watoto, naanza na wadogo."

"Utawapeleka wapi?"

"Penye nafasi. Geita, Shinyanga, popote watakapopokelewa."

Suzana alikuwa anapita na kopo lake mkononi, akasimama. Msichana huyu aliletwa kituoni akiwa amembeba mdogo wake mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono, na tangu siku hiyo hakuwahi kufumba macho kabla hajahakikisha wote wawili wamelala upande wake.

"Mama, na wadogo zangu nao?" aliuliza.

"Hakuna anayekwenda popote," alijibu Mama Modesta. Alilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na moyoni hakuwa na hata chembe ya uhakika.

Mungu naye ana namna yake, kwa maana wiki hiyo hiyo alipanda mlima Daksha. Daksha alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Mwanza kama walivyokuwa wazazi wake, na familia yake ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Mirongo. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka mama mkwe wake, alileta mikate ya puri, viazi vya rojo na ladu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo, akawapakulia watoto kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo lakini hakuja na sufuria. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akapumua.

"Mama Modesta, sisi nyumbani tumechoka," alianza. "Tunatoa huku ladu, kule mablanketi, hospitali matunda. Ukigeuka nyuma huoni kilichobaki. Mwaka huu tumesema tuchague mahali pamoja, tufanye kitu kimoja kitakachodumu. Nina sehemu mbili moyoni. Moja ni shule ya watoto wasioona, kule Sengerema. Ya pili ni hapa kwako. Sasa niambie ukweli, mnahitaji nini?"

Kutoka jikoni, Dorotea alikohoa, na kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Mama Modesta akafungua mdomo. Neno lilimpanda mpaka kooni, likakaa pale. Akayaangalia mavazi ya Daksha yaliyonyooka, akauona mkono uliozoea kupakua ladu, na neno likateremka lilikotoka.

"Tunamshukuru Mungu, dada. Hatujapungukiwa."

"Kweli kabisa?"

"Kweli. Labda… sukari."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Stoo ya kituo ilikuwa na sukari mpaka sisimizi wa mlima mzima walikuwa wamehamia humo.

Daksha alipotaka kuondoka aliomba kwenda chooni kidogo. Mama Modesta alimzuia haraka. "Kuna dawa imemwagwa, dada, wanasafisha." Daksha akaitikia kwa kichwa, akayatazama mashuka yaliyokuwa yakipepea, akasema, "Mnapenda usafi hapa. Nimefurahi," kisha akashuka mlima taratibu huku akishikilia mawe.

Haikupita muda simu ikaita. "Mama Modesta, tumeamua twende Sengerema. Wale wanalala darasani, hawana bweni. Nyinyi mko vizuri, nimewasifia mpaka kwa wanangu. Ile sukari ninaituma."

Sukari ikaletwa kweli. Dorotea aliibeba gunia zima kichwani, akalitua miguuni pa Mama Modesta.

"Uliomba, umepewa," alisema. "Sasa tuwapake watoto sukari, afisa akija asiwatambue."

Mama Modesta alikaa juu ya gunia lile akatazama ziwa kule chini, bluu, limetulia kama halina habari na mtu. Uwanjani Suzana alikuwa anawafundisha wadogo zake kutaja jina la baba yao, jina la mama yao na jina la kijiji chao. Aliwarudisha mwanzo kila walipokosea. Mama Modesta akaelewa kwa nini mtoto yule anafanya vile: wakitenganishwa, wasisahau wao ni nani. Akasimama, akafunga khanga kiunoni, akaanza kuteremka.

Duka la Mirongo hakuwahi kulifikia. Alijua lipo, alijua ni la vifaa vya ujenzi, lakini alipofika kibarazani alisimama. Ndani kulikuwa na mabomba yamesimamishwa kama msitu, mifuko ya saruji imepangwa mpaka juu, na pale nje, masinki ya vyoo, meupe, yamepangwa mstari kama watoto wanaosubiri kuimba. Miaka yote hiyo mwanamke huyu alikuwa akipanda mlima na ladu huku dukani kwake amezungukwa na vyoo.

"Mama Modesta? Karibu. Sukari haikufika?" aliuliza Daksha kutoka nyuma ya kaunta.

"Imefika. Dada, nilikudanganya." Akasema yote: shimo, masika, makopo ya watoto, kikohozi cha Mzee Shigela, mashuka, afisa na mwisho wa mwezi wake. Alisema bila kupumzika, kwa kuhofia kwamba akipumzika ataacha.

Daksha alijibu kwa sauti ya chini, nayo iliuma zaidi ya kelele.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi nawalisha ladu, na wewe unanilisha uongo."

"Nisamehe."

"Unaona ninauza nini hapa?"

"Naona, dada."

"Sengerema nimeshatoa neno. Wale watoto wameambiwa, wamefurahi. Siwezi kwenda kuwanyang'anya."

"Sikuja kukuomba uwanyang'anye."

"Umekuja kuomba nini? Safari hii kitaje kwa jina lake."

Dukani palikuwa na mafundi na wateja, na wote walikuwa wanasikia. Mama Modesta alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Choo," alisema. "Tunaomba choo."

Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja aliendelea kuchagua misumari yake. Na hilo ndilo lililomshangaza Mama Modesta kuliko yote, kwamba neno lililomkaba koo muda wote ule, wenzake walilipokea kama vile ameulizia bei ya kitasa.

"Kitangiri shimo halifai," Daksha alisema, tayari ameshika kalamu. "Kule tunashusha bomba mpaka kwenye bomba kubwa la majitaka barabarani. Litapita uani kwa nani?"

"Kwa Mzee Shigela."

"Atakubali?"

Mzee Shigela, alipoulizwa, alisema walipitishe hata chini ya kitanda chake, ilimradi na yeye arudishiwe choo chake.

Karamu ya Daksha ya mwaka huo haikufanyika. Fedha ya puri na ladu iligeuka saruji na mabomba. "Mama mkwe atanisamehe," alisema Daksha. "Alikuwa mtu wa usafi mpaka akawa anatukera." Vijana wa mtaa wakabeba mifuko mlimani, fundi akaanza kuponda mwamba.

Lakini mwamba ni mwamba. Mwisho wa mwezi ulifika, na Hellen akafika nao. Aliyatazama mabomba yaliyolala uwanjani.

"Naona mmeanza, mama, na nimefurahi. Ila bomba lililolala nje siyo choo. Ungesema mapema, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Watoto wadogo wakahamishwa kwa muda, mpaka kazi iishe. Wadogo zake Suzana walipelekwa Geita. Suzana hakulia. Alikunja nguo zao mwenyewe, akawatajia tena jina la baba, jina la mama na jina la kijiji. Magari yalipoondoka kule chini barabarani, alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akayatazama yale mashuka, kisha akamtazama Mama Modesta. Afadhali angesema neno.

Choo kilikamilika. Mama Modesta aliikata ile kamba kwa kisu cha jikoni, na mashuka yakaanza kuanikwa mbele, siku za kufua tu.

Watoto walirudi wakati wa mahindi mabichi. Suzana alisimama getini tangu asubuhi, amesuka nywele. Mkubwa wa wale wawili alimkimbilia. Mdogo alijificha nyuma ya sketi ya Hellen, akamchungulia dada yake kama anavyochunguliwa mgeni. Suzana alichuchumaa, akafungua mikono. "Ni mimi," alisema. Mtoto hakuja. Ilibidi kungoja mpaka ugali wa jioni, ndipo aliposogea polepole, akakaa karibu naye, akaushika upindo wa gauni lake. Mama Modesta aliyaona yote hayo akiwa mlangoni, na uchovu wake ukapata jina: ulikuwa uchovu wa kuficha.

Jumamosi iliyofuata wageni wakapanda tena mlima, fulana za kijani safari hii, na keki. Watoto wakaanza kujipanga kwa mazoea. Mama Modesta akawazuia kwa mkono.

"Kabla ya wimbo, wageni wangu, karibuni huku nyuma," alisema. "Choo tumeshapata, tunashukuru. Tunachokosa ni kuni. Maharage mliyotuletea yamejaa stoo, na hayaivi kwa kuangaliwa."

Wageni wakatazamana. Kisha mama mmoja akaiweka simu yake kwenye pochi, akauliza, "Kuni hapa mnanunua wapi?"

Dorotea alitoka jikoni kuja kumwelekeza, safari hii bila kukohoa. Mama Modesta alimtafuta Suzana kwa macho, akamwona amekaa juu ya jiwe, mdogo wake yuko mapajani lakini bado hajamwegemea sawasawa. Akayashusha macho. Kweli, mficha uchi hazai.