Kidani cha Kivuko

— Nabisha hodi!
— Karibu, kama umekuja na hadithi!
— Ninayo, ila imetoka mbali, miguu imeivimba.
— Ipe kigoda, ikae!

Haya, imekaa. Nimevuka mito mingi, mingine kwa miguu, mingine kwa kukimbizwa, na sijaona mto usio na Kiboko wake. Kiboko wa mto huu alikuwa mnene hivi kwamba akilala, maji yalimwomba njia.

Ng'ambo ya huku aliishi Pimbi. Ng'ambo ya kule palikuwa na majabali, na huko majabalini ndiko kwao. Alikuja kiangazi kula matunda ya mkuyu, akasema atakaa siku mbili. Matunda yakawa matamu, siku mbili zikazaa nyingine, nazo zikazaa wajukuu. Siku aliyosema "sasa narudi," akamkuta Kiboko amekalia mawe ya kivuko.

Kila asubuhi mapimbi wa kule walipanda jabalini wakaita: "Kraa! Kraa! Kraa-aa!" Pimbi alisimama ukingoni, masikio wima, akiitafuta sauti moja tu, ya mama yake, yenye mkwaruzo mwishoni. Hapo mwanzo sauti ile ilivuka mto ikamgonga kifuani. Siku hizi ilifika katikati ya maji, ikachoka.

"Bwana Mkubwa," akasema Pimbi, "naomba njia. Mama anazeeka."

"Hata mimi nazeeka, na sijapata kidani," akajibu Kiboko. "Sheria ni hii. Niletee kidani cha shanga. Mbele nyekundu, katikati nyeupe, mwisho nyeusi. Rangi zote zilingane, isizidi hata moja! Na watu wawili wasishike uzi mmoja kwa wakati mmoja. Kikiwa na kasoro, shanga ni zangu, na chakula chako ni changu. Haya, toka!"

Sheria hiyo ilikuwa na meno. Katika nchi ile kila ukoo ulikuwa na rangi yake, na kugusa ya wenzio ni mwiko. Mapimbi nyekundu, makobe nyeupe, vinyonga nyeusi. Tena hapakuwa na mnyama aliyejua kuhesabu kupita mbili. Moja, mbili, nyingi, basi. Kiboko mwenyewe alijua moja tu: yake.

Pimbi akawaendea rafiki zake, Mzee Kobe na Kinyonga.

"Mimi sina safari," akasema Kobe, "lakini nimechoka kukusikia ukivuta makamasi kila asubuhi. Nitatunga."

"Nami nitatunga," akasema Kinyonga, jicho moja kwa Pimbi, jingine kwa nzi.

Kila mmoja akaenda kwake akatunga. Pimbi, kwa hamu ya nyumbani, akatunga mpaka vidole vikafa ganzi. Kobe akatunga, akalala, akaamka, akadhani ameshamaliza. Kinyonga akawa anatia mguu mbele, anaurudisha, anautia tena, na kila akifikiri kutia ushanga alifikiri hivyo hivyo. Wakaunganisha nyuzi zao, wakapeleka kivukoni pamoja na kikapu cha mihogo.

Kiboko akafungua vifundo viwili, akaanza kuchomoa, mmoja kutoka kila rangi. Mwekundu, ti! Mweupe, ta! Mweusi, to! Ti! Ta! To! Halafu, ti! Ta! ... Kimya. Nyeusi zimekwisha.

"Ha! Kasoro!" Akazikusanya shanga, akameza mihogo. Akameza na kikapu.

Siku hiyo Pimbi hakula. Asubuhi iliyofuata mapimbi wa kule wakaita, akasikiliza, akasikiliza tena. Sauti yenye mkwaruzo hakuisikia. Upepo huo, akajiambia. Ni upepo tu.

Akaenda kwa Kobe kulia. Uani akamkuta mke wa Kobe na wifi zake wawili wanatwanga mtama, michi mitatu kwenye kinu kimoja. Pu! Pa! Po! Mmoja akishusha, wengine wamepandisha. Pu! Pa! Po! Pimbi akasahau kulia.

"Shemeji, kati yenu nani ametwanga zaidi?"

"Hayupo! Nani amzidi mwenzake na kila mtu na zamu yake?"

"Mmehesabu?"

"Tukihesabu tutatwanga saa ngapi? Nyie wavivu bwana, mna maswali!"

Pimbi akaruka. "Mzee Kobe! Mwite Kinyonga! Zile tulitungia wapi? Kila mtu kwake! Leo tunakaa pamoja, kila mtu na uzi wake. Mimi natia mmoja, nawaachia. Wewe unatia mmoja, unamwachia Kinyonga. Anatia mmoja, ananirudishia mimi. Hakuna kutia mbili, hakuna kuruka zamu."

"Na Kinyonga akichelewa?" akauliza Kobe.

"Tunamngoja."

"Ya Rabi," akasema Kobe. "Leo mimi ndiye nimngoje mtu!"

Wakashuka mpaka kivukoni, wakaketi mbele ya Kiboko. Ti! Nimetia, shika. Ta! Nimetia, shika. To! ... baada ya kitambo ... nimetia, shika. Kila mmoja alijua jambo moja dogo tu, na hilo moja lilimtosha.

"Bwana Mkubwa," akauliza Pimbi, "unakitaka kirefu kiasi gani?"

Kiboko akatazama shingo yake, au pale ilipopaswa kuwapo. "Kinizunguke mara mbili."

"Tu?"

"Hapana! Mara nyingi!"

Ti, ta, to. Ti, ta, to. "Ongeza!" Wakaongeza. "Ongeza tena!" Wakaongeza. Nyuzi zikajilaza mchangani kama nyoka watatu wa baba mmoja. Kisha Kobe akaweka uzi wake chini, akarudi nyuma, mikono juu, ndipo Pimbi akauokota na kufunga kifundo. Kinyonga naye akafanya vivyo hivyo. Hapana uzi ulioshikwa na wawili.

Kiboko akakodoa macho. Kidani kiling'aa. Akatoka kwenye mawe, akapanda ukingoni ili akiguse.

"Kikague, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi kwa adabu zote. "Sisi watu wadogo tuna uongo. Ukikivaa bila kukagua, utachekwa na mamba."

"Nitakagua! Nani alisema sikagui?" Akafungua vifundo, akainamisha kichwa. Ti! Ta! To! Ti! Ta! To!

Mawe ya kivuko yalikuwa matupu.

"Twendeni wote," Pimbi akanong'ona.

Kobe akatikisa kichwa. "Mimi nyumba naibeba mgongoni. Nikivuka, nitatamani kurudi wapi?"

"Nami nikifika huko nitageuka rangi ya huko," akasema Kinyonga, "nitasahau huku. Nenda, mdogo wangu. Usiangalie nyuma, utateleza."

Pimbi akavuka. Chwa, chwa, chwa, jiwe kwa jiwe. Nyuma yake akasikia ti ya mwisho, ta ya mwisho, to ya mwisho, halafu mngurumo: "Zimelingana! Zote! Kidani changu kiko wapi?" Mbele ya Kiboko palikuwa na rundo la shanga na nyuzi tatu tupu. "Nitungieni tena! Pimbi! We Pimbi!"

Pimbi hakusimama. Alipanda majabali akiogopa jabali la mama yake kulikuta tupu. Hakulikuta tupu. Mama alikuwa ameketi juani, amekuwa mdogo kama mtoto, sauti imemkauka.

"Nani?"

"Mimi, mama."

Mama akampapasa uso, masikio, mpaka vidole vyenye sugu za uzi. "Umechelewa," akasema kwa mnong'ono. "Na lafudhi umeleta ya watu. Kaa hapa, unizibe upepo."

Wakakaa wamegusana mabega. Jua likasogea. Kule chini, ng'ambo ya mto, vilionekana vitu viwili vidogo vikipanda ukingo polepole, kimoja kikimngoja mwenzake.

"Unatazama nini mwanangu?" akauliza mama.

Pimbi akaonyesha kidole ng'ambo.

"Kwetu, mama."

Hadithi imevuka, nami nimelowa. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda anitwishe mimi, nimezoea mizigo. Na funzo lake, wanangu, ni hili: safari ya kwenu si yako peke yako. Tia ushanga wako, mngoje mwenzako, na kamwe usimsahau rafiki wa ng'ambo.