Kijani Alichokifuta Lukmani

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wapo wanaodhani methali hii huwaonya wazembe tu. Lukmani, fundi rangi wa Mugumu, hakuwa mzembe; yaliyomkuta yalitokana na bidii.

Kambi moja ya watalii karibu na Robanda ilikuwa imepata ndege kuukuu iliyowahi kufundishia marubani wa jeshi. Lukmani akapewa kazi ya kuipaka rangi upya. Robi, msimamizi wa kambi, alimwagiza waziwazi: "Nje anza tu, kaka. Chumba cha rubani usikiguse mpaka Jumatatu, nimlete tata, baba yangu. Alijifunzia kurusha ndege humo. Anataka akae tena mara moja kabla macho hayajazima, ndani kuwe na rangi ileile ya ujana wake. Ipo chini ya hicho kijivu; tutakibandua taratibu akiwapo."

Lukmani aliitikia. Lakini yeye na mafundi wenzake walikuwa na mwiko wao: rangi ya mtu mwingine hailali chini ya yako. Ijumaa alimaliza nje mapema, mikono ikamwasha kwa kukosa kazi. Akajiambia kuwa ni heri mzee akute chuma kinang'aa. Akang'oa viti na ubao wa mita, akapaka dawa ya kubandua rangi, akapiga msasa hadi kwenye kona za mwisho. Kijivu kilipovimba na kubanduka, kijani kilichungulia. Naye akakifuta pamoja na uchafu, kisha akavichoma vitambaa alivyofutia.

Jumatatu, Mzee Waitara alishikwa mkono na bintiye Robi hadi penye ndege.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemnyoa huyu bibi?" Mzee alicheka akiipapasa ndege ubavuni, akainamia ndani. Kicheko kikakatika kama uzi.

Robi alimgeukia fundi. "Nilikuambia nini?"

"Nilitaka pawe safi, dada."

"Pamekuwa safi," Robi alisema, akatazama kando.

Lukmani alitafuta nyuma ya kila skrubu asipate hata tone la kijani. "Mzee, kilikuwa kijani cha namna gani? Kama majani ya muhogo?"

"Ningekiona ningekijua, mwanangu. Kukitaja siwezi."

Siku nne Lukmani alichanganya rangi, akipaka vipande vya bati na kumsogezea mzee usoni. "Hiki cha trekta," mzee alisema. "Hiki kimekaribia." Hatimaye alikubali kimoja, chumba kikapakwa. Akapandishwa, akakaa, akashika usukani. Lukmani alisimama chini na brashi yake, roho juu.

"Ni kizuri," mzee alisema kwa upole, kama mgeni anayeshukuru kwa chakula kisichompendeza. Kisha akaomba ateremshwe.

Hadi leo watalii huisifu rangi ile. Lukmani husema asante akitazama chini. Anaweza kuchanganya kijani kingine, na kingine tena. Kile alikifuta kwa mkono wake mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki.