Mume Mrudia Maneno

Pilipili ni kiungo chenye adabu zake: humwasha aliyeitia kinywani, na jirani yake akaendelea kula kwa raha. Akiruka jirani huyo naye, akapiga mayowe na kudai maji, watu wana haki ya kumuuliza swali. Swali hilo ndilo wahenga walilolifanya methali, na ndilo lililomfika Nadra wa mtaa wa Langoni, Lamu, mwanamke aliyepaswa kulijua kabla ya wote, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupika achari.

Achari ya Nadra ilisifiwa hadi Kizingitini. Vijana waliila kwa kushindana, wakatokwa na machozi, na kesho yake wakarudi kununua nyingine. Mumewe, Hadi, alikuwa rubani wa ndege ndogo ya abiria, mtu mpole na mchache wa maneno kama kaburi. Ukimwambia mkate umekwisha, alijibu, "Mm." Ukimwambia nyumba inaungua, pengine angejibu "Mm" vilevile, kisha akaenda kutafuta ndoo. Nadra aliizoea hiyo "mm" yake, nao wakaishi kama ulimi na mate.

Balaa liliingia kwa mlango wa mapenzi. Hadi, akijua kwamba mkewe hukosa raha siku za mawingu mazito, alimletea redio ndogo inayonasa mazungumzo ya marubani na mnara wa kuongozea ndege ulioko uwanjani, ng'ambo ya mkondo. Ilikuwa redio ya kusikilizia tu. Kifungo cha kusemea haikuwa nacho. Alimwambia kwamba akimsikia anatua, apakue wali. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno mengi zaidi aliyoyasema juma lile.

Siku ya kwanza Nadra aliiweka redio kando ya beseni la maembe, akaanza kukata. Mara ikatoka sauti ya mwanamke, sauti laini isiyo na haraka, kama samli inayoyeyuka. Walizungumza Kiingereza cha kazi, nacho Nadra alikielewa, maana sekondari hakwenda kuhesabu madirisha. Mwanamke yule alimwambia Hadi ashuke hadi futi elfu mbili.

"Nashuka hadi futi elfu mbili," akajibu Hadi.

Akamwambia azungukie kushoto. "Nazungukia kushoto." Akamwambia atue, njia iko wazi. "Natua, njia iko wazi." Kisha Hadi, Hadi huyu huyu wa "mm", akaongeza, "Asante, siku njema."

Kisu kikasimama katikati ya embe.

Jioni hiyo Nadra alimweleza shoga yake Ummu, aliyekaa nyumba ya pili. Ummu hakuwa mtu wa kuzima moto ikiwa mafuta yapo karibu.

"Shoga," alisema, "mimi wangu nimemwambia alete makaa tangu Jumatatu, hata 'ehe' hajanipa. Wako amrejelea mwanamke neno kwa neno? Hiyo si kazi. Hayo ni mahaba."

Tangu siku ile wivu ukamkaa Nadra rohoni kama mwiba wa samaki kooni: kumeza hawezi, kutema hawezi. Alilijua jina la yule mwanamke, Quinter, kutokana na salamu za marubani wengine. Akaanza kujifukiza udi mchana kweupe na kujipamba kwa asumini. Hadi alinusa, akasema, "Mm." Akamjaribu kwa njia nyingine: alimtuma sukari, kisha akamtaka aseme, "Nakuletea sukari." Hadi akamkodolea macho kama mtu aliyeambiwa aadhini saa nne ya asubuhi.

Hatimaye jipu likapasuka. Nadra alimuuliza waziwazi huyo Quinter ana nini hata kila neno lake lirudiwe kama aya chuoni. Hadi alicheka kwanza, na kucheka kwake ndiko kulikomponza. Alieleza kwamba hiyo ni sheria ya kazi. Rubani hurudia alichoambiwa ili mnara ujue kwamba amekisikia sawasawa.

"Na 'siku njema' nayo ni sheria?" Nadra aliuliza.

Hadi akanyamaza. Kwa kawaida yake hilo halikuwa jambo, lakini usiku ule lilikuwa kosa.

"Basi sikiza, Bwana Hadi. Umjibu kama unavyonijibu mimi, au mimi narudi kwa mamangu Wiyoni. Na redio ninayo, nitakusikia."

"Mm," alisema Hadi.

Alimpenda mkewe, na alitaka wali wake kwa amani. Akaanza kupunguza. Palipotakiwa sentensi alitia neno, palipotakiwa neno alitia mguno. Quinter alimwomba arudie, naye akarudia nusunusu kama mtoto anayekunywa dawa chungu. Langoni, Nadra akakata maembe huku akiimba.

Ikafika alasiri moja. Hadi alikuwa na abiria ndani, injini zinanguruma, amesimama pembeni mwa njia ya kurukia. Saa kama ile kwa kawaida hapakuwa na ndege nyingine, na kila siku aliambiwa aingie, aruke. Nadra alikuwa jikoni akiponda pilipili, redio imesimama mbele yake kama mgeni.

"Subiri hapo ulipo," ilisema sauti ya samli. "Usiingie njiani. Kuna ndege inatua."

"Sawa," akajibu Hadi. Basi.

Nadra akacheka peke yake. Yeye alisikia kila neno, kwa sababu hakuna asikilizaye kwa makini kuliko mwenye wivu. Hadi alisikia sauti tu. Akili yake ilikuwa Langoni, kwa mwanamke aliyekuwa akimsikiliza, na masikio yakamletea kile yalichozoea: ingia, ruka. Akaingia njiani.

Quinter akamtaka arudie alivyoambiwa. Papo hapo rubani wa ile ndege iliyokuwa ikitua akasema naye, sauti mbili zikagongana, redio ikakoroma tu. Kisha Nadra akaisikia samli ikigeuka radi.

"Usitue! Panda, panda! Kuna ndege njiani!"

Nadra aliikamata redio kwa mikono miwili. "Hadi, toka!" alilia. "Amekwambia usubiri! Usubiri hapo ulipo! Usiingie njiani!" Mwanamke aliyemkataza mumewe kurudia maneno ya Quinter alikuwa sasa akiyarudia yeye, neno kwa neno, mbele ya chombo kisichokuwa na kifungo. Juu ya mapaa ya mji ndege ilipita ikinguruma, chini kuliko ndege zote alizowahi kusikia. Akajifuta machozi kwa vidole vilivyojaa pilipili, macho yakawaka moto, naye hakuwa ameonja hata chembe.

Ndege ile ikapanda, ikaenda zake. Kisha Quinter, taratibu, akauliza kama Hadi yu salama.

"Niko salama," Hadi alisema. "Narudia. Niko salama, abiria wako salama."

Hadi alisimamishwa kazi siku ile ile. Wachunguzi walipomuuliza kwa nini hakurudia, alisema alikosea. Jina la mkewe halikutoka kinywani mwake. Jambo hilo ndilo lililomkata Nadra maini: kwamba uchache wa maneno aliouonea uchungu ndio uliokuwa ukimsitiri. Akavaa buibui, akatia chupa ya achari mkobani, akapanda mashua kuvuka ng'ambo.

Mungu angetaka kumpunguzia, angemkutanisha na ajuza kibogoyo. Hakumpunguzia. Quinter alikuwa mzuri, wa kutazamwa mara mbili. Nadra alimkabidhi chupa ya achari, kisha akasema yote, ya redio, ya Wiyoni, ya Ummu na mafuta yake.

Quinter hakucheka. Alimweleza kwamba hurudiwa maneno na marubani wote, wazee kwa vijana, na wengine hata nyuso zao hajawahi kuziona.

"Bi Nadra," alisema, "akinirudia, najua kwamba yeye na abiria wake watafika kwenu. Akininyamazia, nabaki gizani. Mimi simtaki mumeo. Nataka afike."

Nadra aliwaendea wachunguzi, akayasema yale yale mbele yao, uso umemwiva kwa haya. Hayakumfutia Hadi kosa. Rubani ni rubani, na masikio ni yake. Lakini badala ya kunyang'anywa leseni alirudishwa darasani, akatahiniwa upya, na baada ya miezi akaruka tena.

Jioni ya siku hiyo Ummu alipiga hodi, akauliza kwa kicheko kama bwana bado amrejelea yule mwanamke wa mnarani.

"Amrejelea," alisema Nadra, "na siku asipomrejelea hatakula wali wangu." Akageuka. "Hadi, mkate umekwisha."

"Mkate umekwisha," akarudia Hadi, akavaa viatu. "Naenda kununua mkate."

Nadra akamsogezea Ummu kibakuli cha achari, kisha akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelijibu kwa macho yake: shoga, pilipili usiyoila yakuwashiani?