Mzee Aliyedai Mto ni wa Babu Yake

“Mfereji huchimbwa, mto hukutwa.” Mmeisikia leo kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tulipokuwa wote tunazibua mfereji, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Wajukuu zangu, methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Upareni alikuwapo mzee mmoja, Mfinanga. Babu yake ndiye aliyechimba mfereji wa kwanza kutoka mtoni, na Mfinanga hakutuacha tusahau. Hata akitoa rambirambi msibani, mfereji wa babu aliupenyeza humo humo.

Kisha tajiri mmoja akanunua shamba kule juu, akaanza kukausha kinamasi cha matete ili apande maua. Mto wetu unatoka kwenye kinamasi hicho. Maji yalipungua, migomba ikanyauka. Aliyesimama ni Nakijwa, mjane muuza ndizi. Alikwenda kwa mwenyekiti, akaenda kwa diwani, akatafuta wakili, mpaka kesi ikafika mahakamani. Kijiji kizima kikawa Nakijwa, Nakijwa.

Mfinanga roho ikamuuma. “Mfereji wetu, sifa zake,” alimlalamikia mkewe. Mkewe akamwambia ale kwanza, ugali unapoa. Ule ulikuwa wivu mtupu, nami sitautafutia jina zuri.

Siku ya ushahidi, Nakijwa alimwomba. “Baba, wewe ndiye mkubwa wetu. Sema tu kwamba mto umekuwapo tangu enzi na enzi.”

Mzee akakubali. Lakini aliposimama kizimbani akamwona Nakijwa amekaa mbele, watu wamemzunguka, kijicho kikamshinda.

“Mheshimiwa hakimu,” akasema, “huyu mama mto ameujulia wapi? Mto huu aliuchimba babu yangu.”

Wakili wa tajiri akainuka taratibu. “Mzee, ulichimbwa na mtu?”

“Kwa jembe lake mwenyewe.”

“Basi, mheshimiwa, huu si mto. Ni mfereji. Na sheria waliyotushtakia inalinda mito na vyanzo vyake.”

Watu wetu wakashika vichwa. Maisha yake yote Mfinanga alitamani msomi akiri kwamba mto ni wa babu yake. Sasa wakili amekiri, na kwa kukiri huko kinamasi kinakwenda kukauka kwa ruhusa ya mahakama.

Hakimu akamuuliza kama ana la kuongeza. Mzee alimtazama Nakijwa, na jicho halikuwa zuri bado.

“Nimekosea, mheshimiwa. Nimemwonea wivu mama huyu. Babu yangu alichimba mfereji. Mfereji huchimbwa. Mto hukutwa. Aliukuta unapita, akainama akanywa kama mtu yeyote.”

Mahakama ikapiga marufuku kukausha kinamasi. Msidhani wivu ulimwisha mzee siku ile. Walimbeba Nakijwa juu juu hadi sokoni, naye Mfinanga akafuata nyuma amenuna. Lakini maji yalirudi, na yeye akayanywa.

Ndiyo maana mtu akijitapa kwamba bila yeye tusingekuwa na kitu, tunamwambia neno lililomtoka Mfinanga kwa uchungu: mfereji huchimbwa, mto hukutwa.