Koja la Maua Saba

Kisa hiki alikitoa kwanza nyanya yangu, Mwanaate binti Shali wa Siyu, mwaka ule kisima cha msikiti kilipokauka mara ya pili. Mimi nilikuwa na umri kama wenu. Nakitoa kama alivyokitoa, siongezi.

Kale ya kale, nyuma ya kale mnayoijua. Mpo?

"Tupo, Bibi."

Na wewe Sefu, ondoa mkono kwenye tawi hilo la mwasumini. Tunachuma, tunachuma, lakini tawi moja hatuchumi. Keti usikie kwa nini.

Siyu palikuwa na mtunga maua, Bi Somoe. Mume hana, mali hana. Ana mwasumini mmoja uani na binti mmoja, Tima, wa miaka tisa. Tima alikuwa na homa, mwezi wa pili sasa hajashuka kitandani. Mama yake huchuma asumini alasiri, zingali zimefumba, hutunga kwa sindano ya chelewa, kile kijiti cha ukuti, na uzi wa mgomba. Koja la bibi arusi hulifunga fundo kisogoni. Koja la maiti huachwa wazi, hulazwa juu ya sanda bila fundo. Hilo lishikeni.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mwasumini ukatoa maua kidogo, kidogo sana. Na mwaka huohuo Mwanaate akaposwa. Ndiyo, nyanya yangu mwenyewe. Shangazi yake, Bi Kukuwa, akaja kwa Bi Somoe, mikono kiunoni.

"Somoe, nataka koja la nyuzi tatu."

"Tatu, mwaka huu? Labda moja, dada."

"Moja! Watu waseme tumemvisha binti yetu kamba ya mbuzi?"

Tima akacheka kitandani, kicheko kikageuka kikohozi. Bi Kukuwa alipoondoka, akaita.

"Mama, nitungie na mimi. La kufunga shingoni, kama la arusi. Hata fupi."

"Kesho, mwanangu. Leo la watu."

"Basi niachie tawi moja, nitunge mwenyewe."

"Kesho yatakuwapo mengine."

Akachuma tawi la kwanza, akachuma la pili, akachuma la tatu. Akachuma mpaka mti ukabaki majani. Akatunga nyuzi tatu, akaenda nazo arusini, kwa kuwa fundo la bibi arusi hulifunga mtungaji mwenyewe. Alipokuwa akilifunga kisogoni kwa Mwanaate, vigelegele vikipigwa, jirani aliingia akamshika bega. "Tima," akamnong'oneza, "ametutoka." Bi Somoe alimaliza fundo, kisha akatoka.

Asubuhi alipekua mwasumini jani kwa jani. Alipata maua saba, yaliyokuwa yamejificha chini. Saba hayazunguki shingo, wanangu, hata shingo ya mtoto.

Mwanaate akaja mbio. Bibi arusi hatoki ndani kabla ya siku saba, yeye alitoka siku ya pili, na koja lake mkononi, maua yamekwisha kuwa rangi ya chai.

"Mama Somoe, nimemletea Tima."

"Hilo limekwisha kuvaliwa," akasema Bi Somoe. "Mwanangu havai masalio. Rudi kwako, mama."

Akatunga yale saba. Akaweka uzi shingoni juu ya sanda, akashika ncha mbili, akafunga fundo. Bi Kukuwa akainama, sauti chini.

"Somoe, umefunga."

"Nimefunga."

"La maiti halifungwi, dada."

"Aliniomba la kufunga shingoni. Sikumtungia. Nimemtungia sasa. Nani atalifungua?"

Hakufungua mtu. Tima alizikwa na fundo lake.

Bi Somoe hakutunga tena. Mwanaate aliomba kipande cha mwasumini, akakipanda uani kwake, na kila alipochuma aliacha tawi moja.

Mtu wenu akiwaomba leo, msimpe kesho. Kesho si yenu kugawa.

Uzi umeniishia, nimeukata. Aliyesikia na afunge ncha yake. Bi Somoe hayupo. Bi Kukuwa hayupo. Mwanaate alifariki mimi nikiwa nimemshika mkono. Katika walioijua siku ile, aliye hai ni mwasumini huu tu, na huu nao ni tawi la ule.