Kwa Nini Mtoma Huvalishwa Majani ya Mgomba

Mmeniuliza kwa nini nimewafokea mlipotaka kubeba lile gome kabla mti haujafungwa majani. Kaeni niwaambie, na yule anayesinzia aje mbele nimwone.

Zamani hizo mitoma ilikuwa mingi kuliko watu, na pamba haikujulikana. Kila nguo ilitoka kwenye gome la mtoma, lililopondwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika. Mtoto alibebwa kwa mbeleko ya gome na maiti alizikwa kwa sanda ya gome. Watu walisema wanakwenda kuchuna mtoma, kama mnavyochuna ng'ombe, na kweli waliuchuna hivyo hivyo. Walibeba gome lao, wakauacha mti ukaukie juani, wakahamia mwingine.

Mwishowe hiyo mingine ikaisha. Wanaume walitembea siku mbili kutafuta gome, wakarudi mikono mitupu. Hapa kwetu ulibaki mtoma mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Kaijage, fundi wa kuponda magome, na huyo Kaijage hakuwa na raha hata kidogo. Mama yake, Ma Nyakato, alikuwa na homa mwezi mzima, na kumzika mzazi bila sanda ilikuwa aibu isiyofutika. Mkewe Kokushubila naye alikuwa mjamzito, na mtoto hana mbeleko. Gome halikutosha wote wawili. Kila asubuhi Kaijage aliushika mti ule, akarudi ndani.

Mama alipoacha kula, Kaijage alinoa kisu. Alibambua gome lote, utomvu mweupe unamtiririkia vidoleni. Ma Nyakato alikuwa amelazwa kwenye mlango wa nyuma apate hewa, na homa ilikuwa imemtia ukungu machoni. Alichoona yeye ni mtu amesimama uchi juani.

"Kaijage," alisema, "unamvua mtu nguo mchana kweupe, kisha unamwacha hivyo? Mfunike."

Kaijage alimweleza kwamba ule ni mti. Mama akageukia ukutani, akakataa hata maji. Basi, ili mama anywe, mwanawe alikata majani mabichi ya mgomba, akaufunga mti kutoka chini hadi kwenye matawi, akakaza kwa kamba. Majirani walimcheka, mmoja alimwuliza kama atausuka na nywele. Lakini mama alikunywa maji.

Kuanzia hapo Kaijage aliishi na hofu mbili. Akiamka alisikiliza kwanza kama mama anapumua, kisha alitoka kuutazama mtoma, ambao majani yake ya juu yalikuwa yanadondoka. Alitaka kuufungua aone, mama akamkataza, akisema amwache mwenzake apumzike. Siku ya tisa Ma Nyakato alifariki. Alizikwa na sanda ile, na matanga hayajaisha, Kokushubila akashikwa na uchungu.

Hapo Kaijage hakuvumilia tena. Aliufungua mti, akiwa na hakika atakuta kuni. Akakuta ngozi mpya, nyembamba, yenye unyevu. Alikaa chini akamlilia mama yake kwa sauti, kisha akaharakisha kuufunga tena. Mtoto alibebwa mikononi kwa miezi mingi, hata na wale waliocheka, mpaka gome lilipokomaa likatoa mbeleko.

Na tangu siku hiyo sisi hatuchuni mtoma. Tunamvua, na anavalishwa kabla nguo yake haijaondoka mbele yake. Shuleni mnafundishwa kwamba chini ya gome kuna utando ulio hai, na ukikauka mti umekwisha. Sawa, ndio huo alioufunika Kaijage bila kuujua.

Lakini jana nilipita bondeni nikakuta mitoma mitatu iko uchi, imeanza kupasuka kwa jua, na magome yameshachukuliwa. Nimeogopa, wajukuu zangu. Nimewafikiria wote hapa kijijini wanaojua kushika kisu kile, mmoja mmoja, na wote ni baba zenu.