Mbiu ya Bwana Twalibu

Bwana Twalibu, tajiri ambaye hata paka wa mtaa walishakata tamaa na jiko lake, alimwita Kheri, mpiga mbiu wa mji.

"Ijumaa utangaze kwamba hapa mjini hakuna mkarimu kama mimi. Ukikataa, hama kibanda changu unachokaa."

"Nitatangaza, bwana. Na wasioamini niwaambieje?"

"Waje kwangu wajionee!"

"Baada ya sala?"

"Hata na watoto wao!"

Ijumaa Kheri alipuliza pembe nje ya msikiti, akayatangaza yote neno kwa neno. Muda si muda uchochoro wa Bwana Twalibu ulifurika watu, kila mmoja na sahani yake.

"Kheri! Nani hawa?"

"Wasioamini, bwana. Wengine wako njiani."